"Alianguka tu": vipimo vya mishipa ya damu kwa mwanaume ambaye hajafika miaka 50

"Alianguka tu." Kwenye matanga mengi kuanzia Siaya hadi Bungoma, magharibi mwa Kenya, hilo ndilo jibu utakalopewa ukiuliza mwanaume wa miaka 46 aliondokaje. Baadaye hufuata minong'ono ya sumu, ya jirani, ya shamba. Mara nyingi hakuna aliyewahi kumfunga marehemu mashine ya presha wala kumtoa damu ya kupima mafuta. Kwa hiyo hata wanawe, ambao sasa wana miaka 20 na kitu, hawajui kwamba huenda wamerithi jambo linalopimika na kutibika.

Mwongozo huu ni wa wana hao. Unaeleza vipimo vya kuomba, jinsi vinavyofanywa sawasawa na jinsi vinavyoharibika, namba zinavyosomwa, na pa kuanzia ukikuta kasoro. Uamuzi wa dawa unabaki kwa daktari, ila ukifika kwake ukijua unachouliza, zile dakika chache za kliniki zinatosha.

Kinachotokea ndani ya ukuta

Wengi huuona mshipa kama bomba la sinki: mafuta yanapita, yanaganda, siku moja bomba linaziba. Ingekuwa hivyo, zile dawa za "kuosha mishipa" zinazotangazwa ndani ya basi zingefanya kazi. Ukweli ni kwamba mafuta huingia ndani ya ukuta wenyewe. Vibebeo vidogo vya kolesteroli, hasa LDL, hupenya utando mwembamba wa ndani ya mshipa na kunasa humo. Seli za kinga huja kuvimeza, zinashiba kupita kiasi, zinafia papo hapo. Kinachobaki ni kitu kama jipu: uji wa mafuta katikati na kifuniko juu yake. Jipu hilo linaweza kukaa miaka mingi bila kumzuia mtu hata kupanda mlima. Siku kifuniko kinapochanika, damu huganda juu ya kidonda hicho ndani ya dakika chache, na hapo ndipo mtu "huanguka tu".

Kasi ya jambo hili hutegemea idadi ya vibebeo vinavyogonga ukuta kila siku na miaka ambayo vimekuwa vikigonga. Presha, sigara na sukari nyingi huulegeza ukuta ili vipenye kwa urahisi. Mwanaume humtangulia mwanamke kwa takriban miaka kumi, kwa kuwa homoni za mwanamke humkinga kabla ya kukoma hedhi, naye mwanaume huweka mafuta yake tumboni mapema. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mioyo ya wanajeshi 300 waliouawa katika Vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na asilimia 77 walikuwa tayari na dalili za ugonjwa kwenye mishipa ya moyo.

Kasoro tano zinazotembea pamoja

Ukipima kolesteroli peke yake umepima kidogo sana. Tangu 2009 mashirika makubwa ya moyo na kisukari duniani yanatumia orodha moja ya kasoro tano, na mtu akiwa na tatu kati yake huhesabiwa kuwa na mvurugiko wa kimetaboliki. Kwa mwanaume wa huku ni hizi: kiuno sentimita 94 au zaidi, presha 130/85 au zaidi, namba yoyote kati ya hizo mbili ikitosha, sukari ya kabla ya kula 5.6 mmol/L au zaidi, triglisaridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) 1.7 au zaidi. Na HDL, yale mafuta yanayoitwa mazuri, chini ya 1.0. Anayemeza dawa ya presha au ya sukari huhesabiwa kuwa na kasoro hiyo hata kama namba zimeshuka.

Shina lao mara nyingi ni moja: mwili umeacha kuisikia insulini, homoni inayoongoza sukari kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Mafuta ya tumboni humwaga asidi za mafuta kwenye ini, nalo ini hutengeneza sukari na triglisaridi kupita kiasi, HDL inashuka, na LDL hugeuka kuwa chembe ndogo nyingi badala ya kubwa chache.

Kuna tahadhari moja ambayo karatasi nyingi za maabara hazina. Kwa watu wenye asili ya Afrika, triglisaridi mara nyingi hubaki sawa hata mwili ukiwa umeshaacha kusikia insulini. Mwanaume wa Kakamega mwenye kitambi, presha ya 138 na triglisaridi ya 1.1 asipumue kwa sababu ya hiyo 1.1. Kwake kiuno na sukari vinasema kweli zaidi.

Kiuno

Chukua tepu ya fundi nguo. Saizi ya suruali si kipimo. Wanaume wengi hufunga mkanda chini ya kitambi na kuapa kwamba bado ni 34 tangu shule. Vua shati. Kwa kidole tafuta ubavu wa mwisho upande wa kulia, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hizo mbili weka alama ya kalamu. Fanya hivyo upande wa kushoto. Zungusha tepu ipite kwenye alama zote mbili, ikiwa sambamba na sakafu hata mgongoni (hapo ndipo huteleza, mwombe mtu aangalie). Pumua nje kawaida, usivute tumbo, soma. Rudia, zikitofautiana zaidi ya sentimita moja, pima mara ya tatu. Sentimita 94 ni inchi 37.

Presha

Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote na ndicho kinachoharibiwa zaidi. Wahudumu wa afya ya jamii, tangu wapewe mikoba yao ya vifaa mwaka 2023, wanaweza kukupima nyumbani, na kemisti nyingi hupima kwa pesa kidogo. Lakini ukishuka kwenye bodaboda, ukaingia dukani unatweta na kupimwa umesimama mlangoni, namba hiyo ni ya bodaboda.

Usivute sigara wala kunywa kahawa au chai kwa nusu saa kabla. Nenda haja ndogo. Keti kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote chini, miguu isipishane, dakika tano, kimya. Kuzungumza wakati mashine inajaa upepo kunaweza kuongeza namba kumi hivi. Mkono uwe mtupu, si juu ya mkono wa sweta, na uegemee meza kwa usawa wa moyo. Kitambaa cha mashine ndicho mtego mkubwa: mfuko wake wa upepo unapaswa kuzunguka asilimia 80 ya mkono. Fundi wa gereji au mpasua mawe mwenye mikono minene akifungwa kitambaa cha kawaida ataambiwa ana presha ambayo hana. Omba kikubwa. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, na baada ya hapo tumia ule uliotoa namba kubwa. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, andika zote.

Siku moja haitoshi kumtia mtu kwenye dawa, isipokuwa namba iwe ya kutisha, mathalani 180/110. Chukua asubuhi na jioni kwa siku saba, tupa za siku ya kwanza, gawanya zilizobaki upate wastani. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi unahitaji daktari.

Siku ya kutoa damu

Omba vitu hivi kwa jina: kolesteroli yote pamoja na mgawanyo wake (HDL, LDL, triglisaridi), sukari ya kabla ya kula, HbA1c (picha ya sukari ya miezi iliyopita), kreatinini (ya kupima figo), na mkojo kuangalia protini. Ikiwa LDL itatoka juu, ongeza TSH, kwa kuwa tezi ya shingo iliyolegea hupandisha LDL na ikitibiwa yenyewe namba hushuka bila dawa nyingine.

Kaa bila kula kwa muda wa saa 9 hadi 12. Maji ruhusa, tena kunywa ya kutosha ili mshipa uonekane. Chai hapana, hata ya rangi ikiwa na sukari. Pombe acha siku mbili tatu kabla: busaa ya Jumamosi huonekana kwenye triglisaridi ya Jumatatu, na maji ya damu yakitulia kwenye chupa huonekana meupe kama maziwa.

Usipime ukiwa mgonjwa au ukiwa ndiyo kwanza umepona. Huku kando ya Ziwa Victoria, hili ni kosa la kila siku: mtu anaenda hospitali na malaria, daktari anaona fursa na kuongeza vipimo vya mafuta. Malaria na homa yoyote kali hushusha LDL na HDL na kupandisha triglisaridi. LDL ya siku hiyo itakudanganya kwamba uko salama. Ngoja wiki nne baada ya kupona.

Ukifika maabara, keti dakika tano kabla ya kutolewa damu. Mpira ukikaa umefungwa mkononi zaidi ya dakika mbili, kolesteroli hupanda kwa sababu maji ya damu yanatoka na mafuta yanabaki. Angalia pia vifuniko vya chupa. Ya sukari huwa na kifuniko cha kijivu, ndani yake mna dawa inayozuia seli kuila sukari hiyo. Ikiwekwa kwenye chupa ya kawaida na kusubiri pikipiki ya kupeleka sampuli mjini, sukari huliwa kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto la Kisumu linaharakisha. Hivyo ndivyo 6.4 inavyogeuka 5.4. Una haki ya kuuliza damu yako itapimwa saa ngapi na wapi.

HbA1c nayo ina mtego wake wa Magharibi. Kipimo hiki huhesabu sukari iliyonasa kwenye chembe nyekundu ambazo huishi takriban miezi minne. Mwenye selimundu, aliyeongezwa damu karibuni, au aliyetoka kwenye malaria iliyokula damu ana chembe changa, kwa hiyo HbA1c yake itasoma chini kuliko ukweli. Upungufu wa madini ya chuma hufanya kinyume. Kwa watu hao tegemea sukari ya kabla ya kula, au kile kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili.

Kusoma karatasi

Chukulia mwendesha bodaboda wa Kondele, Kisumu, miaka 41, si mnene wa kuonekana. Kiuno 97. Presha 138/88. Sukari 5.9. Kolesteroli yote 5.6, HDL 0.9, triglisaridi 1.4. Karatasi ya maabara imeweka nyota moja tu kwenye 5.6, naye ameambiwa "imepanda kidogo, punguza mafuta".

Hesabu mwenyewe. Kiuno kimepita, presha imepita, sukari imepita 5.6, HDL iko chini ya 1.0. Nne kati ya tano. Triglisaridi peke yake ndiyo imenyamaza, na tumeshaona kwa nini.

Sasa LDL, ikiwa maabara haikuiandika. Gawanya triglisaridi kwa 2.2: 1.4 ÷ 2.2 ni 0.64. Toa HDL na hiyo 0.64 kutoka kwenye 5.6: unabaki na 4.06. Hesabu hii haifai triglisaridi ikipita 4.5. Iliyo rahisi zaidi, na ambayo haihitaji hata kukaa njaa, ni kutoa HDL peke yake: 5.6 toa 0.9 ni 4.7. Namba hii ndiyo jumla ya vibebeo vyote vibaya. Tukilazimika kuchagua namba moja ya kubandika mlangoni, tungechagua hii, kwa sababu kwa mtu mwenye kitambi LDL inaweza kuonekana ya wastani huku vibebeo vikiwa vingi. Mwenye uwezo anaweza kuomba kipimo cha protini iitwayo ApoB, ambacho huvihesabu moja kwa moja, kwani kila kibebeo hubeba ApoB moja tu.

Kwa mwanaume asiye na ugonjwa mwingine, LDL inafaa iwe chini ya 2.6 na ile namba ya kutoa iwe chini ya 3.4. Mwenye kisukari na hatari nyingine juu yake, LDL chini ya 1.8. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, chini ya 1.4. Karatasi ikiandika kwa mg/dL, gawanya kolesteroli kwa 38.7, triglisaridi kwa 88.6, sukari kwa 18. Sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0, au HbA1c ikifika 6.5, na kipimo cha pili kikithibitisha, hicho ni kisukari; HbA1c ya 5.7 hadi 6.4 ni mlangoni pake.

LDL ya 4.9 au zaidi kwa kijana ni jambo jingine kabisa. Hapo shida kwa kawaida haiko jikoni. Huenda ni ugonjwa wa kurithi ambao ini linashindwa kuiondoa LDL kwenye damu. Mshike kano la kisigino, lile la nyuma: likiwa nene na lenye vinundu, au jicho likiwa na duara la kijivu kuzunguka mboni kabla ya miaka 45, mpeleke kwa daktari bingwa, halafu pima ndugu zake wote na watoto wake. Mwembamba anayekimbia kila asubuhi kule Iten anaweza kuwa nao.

Yasiyo kwenye karatasi

Kaa na shangazi au mzee wa ukoo uandike: nani wa kiume katika baba na ndugu wa damu alipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha ghafla kabla ya miaka 55, na nani wa kike kabla ya 65. Usiulize "alikufa na ugonjwa gani", maana utajibiwa kwa mambo ya kurogwa. Uliza: alikuwa anafanya nini saa hiyo? Alishika kifua? Alitoka jasho? Mdomo ulipinda? Majibu ya hapo ndiyo historia yako. Ukipata mmoja, anza vipimo ukiwa na miaka 20. Asiye na yeyote asipite 35.

Ukiwa na historia hiyo, omba mara moja tu maishani kipimo cha lipoproteini ndogo a, inayoandikwa Lp(a). Hurithiwa, chakula hakiibadilishi, na watu wenye asili ya Afrika huwa nayo juu kuliko wengine. Ikizidi 50 mg/dL au 125 nmol/L, malengo ya LDL na presha yanabanwa zaidi.

Uume kushindwa kusimama sawasawa. Wanaume hukimbilia vidonge vya kemisti kwa siri, na hapo wanazima king'ora. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4. Ugonjwa ni uleule, ila ule mwembamba huonyesha kwanza, mara nyingi miaka miwili hadi mitano kabla ya moyo. Mwanaume wa miaka 40 mwenye tatizo hili apimwe mafuta, sukari na presha kabla ya kupewa kidonge chochote.

Wanaotumia ARV wana hesabu yao. Virusi vyenyewe huichosha mishipa, na dawa za kundi la lopinaviri na ritonaviri hupandisha triglisaridi. Mseto wenye dolutegraviri hausumbui mafuta hivyo, ila huongeza uzito kwa baadhi. Muhimu kwa usalama: simvastatini (dawa ya kolesteroli) haichanganywi na ritonaviri hata siku moja, inaweza kuyeyusha misuli na kuua figo, na metformini (dawa ya kisukari) ikitumika pamoja na dolutegraviri kwa kawaida haipitishwi miligramu 1,000 kwa siku. Mwambie kila daktari dawa zote unazomeza, hata kama kliniki ni mbili tofauti.

Jikoni

Anza na mafuta ya kupikia, kwa kuwa hapo ndipo LDL inasikia haraka. Mafuta ya kuganda ya ndoo hutokana na mawese, na karibu nusu yake ni ya aina inayolifanya ini liache kuiondoa LDL. Yale ya chupa yanayong'aa pia mengi ni mawese yaliyochujwa. Kisumu kwenye joto huwezi kuyatofautisha. Yapeleke Nakuru asubuhi ya Julai uone: yanafanya ukungu na kuganda chini ya chupa. Aliye Kisumu aweke vijiko viwili ndani ya friji usiku kucha. Ya alizeti halisi yatabaki maji.

Kisha punguza kiasi. Kijiko kimoja kikubwa ni gramu 14. Familia ya watu watano, vijiko vitatu kwa mboga na kitoweo vinatosha, ukipima kwa kijiko na si kwa kuinamisha chupa. Omena haihitaji kuogelea. Ichambue, ioshe kwa maji moto mara mbili mchanga utoke, ikaushe kwenye sufuria kavu moto mdogo dakika kama nane ukigeuza mpaka isikike ikikwaruza, weka pembeni. Kaanga kitunguu kwa vijiko viwili vya mafuta, nyanya tatu, dania, rudisha omena, maji nusu kikombe, dakika kumi. Harufu ile ya ziwa huondoka kwa ndimu, si kwa mafuta. Mgongo wazi wa kandokando ya barabara (mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kutolewa), uliokaangwa kwa mafuta meusi ya tangu juzi, ule mara moja moja tu. Ngege (sato) wa kuchemsha naye ni samaki wa ziwa.

Ugali uwe ukubwa wa ngumi yako, osuga (mnavu), kunde, mrenda au sukuma zijaze nusu ya sahani. Huku kwetu sahani hupangwa kinyume, na mwenye nyumba akipewa ugali wa ngumi huona ametukanwa. Anzeni basi kwa kuongeza mboga kabla ya kupunguza ugali. Unga wa posho mill usiokobolewa ni bora, lakini ugali wa mtama mkubwa kama kofia ya pikipiki bado ni mkubwa.

Sukari ya chai huhesabiwa na wachache. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni gramu 48. Soda ya mililita 300 huongeza gramu 30 hivi. Hiyo ndiyo inayolisha triglisaridi na kitambi, kuliko hata yai ambalo wengi wameliacha bure. Shusha kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi huzoea.

Chumvi: kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, ukihesabu na mchuzi mix. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Waluo waliohama vijiji vya Magharibi kwenda Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki. Ndani ya miezi michache presha ya waliohama ilikuwa imepanda, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zikilinganishwa na potasiamu. Watu wa damu moja. Kilichobadilika ni maisha na chakula.

Mwendo: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Dakika kumi baada ya kila mlo hushusha sukari ya mlo huo, na mtu wa bodaboda anaweza kuzipata akiegesha mbali na kibanda. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito hubadilisha triglisaridi, sukari na presha. LDL hubadilika kidogo tu, ndiyo maana mwenye LDL ya 5 haponywi na kutembea. Sigara na ugoro ni kuacha. Hapa hatuna cha kupimiana vijiko.

Dawa

Statini kama atorvastatini hupatikana kwa jina la kawaida, bei nafuu, na hushusha LDL kwa asilimia 30 hadi 50 au zaidi kulingana na dozi. Kuongeza dozi maradufu huongeza asilimia 6 tu hivi, kwa hiyo namba ikigoma daktari huongeza dawa ya aina nyingine, kama ezetimibe. Pima tena baada ya wiki 4 hadi 12. Kosa linalotuudhi kuliko yote ni hili: karatasi inatoka nzuri, mgonjwa anasema amepona, anaacha. Ndani ya wiki chache LDL imerudi palepale. Karatasi nzuri ni kazi ya kidonge. Ukipata maumivu ya misuli yasiyo na sababu, rudi kliniki ibadilishwe. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, acha dawa siku hiyo hiyo na uende hospitali. Aspirini ya kila siku kwa mtu ambaye hajawahi kuugua moyo usijianzishie, inaweza kutoboa tumbo.

Kliniki za presha na sukari ziko kwenye hospitali za kaunti na za rufaa. Kisumu ni Jaramogi, ambayo wengi bado huiita Russia, Nakuru ni ile ya rufaa ya kaunti, ambayo zamani iliitwa PGH, yaani hospitali kuu ya mkoa. Nenda na daftari lako la namba za siku saba.

Ukisubiri mpaka kifua kiseme

Uzito kifuani kama umekaliwa na mtu, unaopanda kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho baridi, kichefuchefu, ukipita dakika 15: usinywe dawa ya gesi usubiri. Tafuna aspirini ya miligramu 300, tafuna usimeze nzima, ikiwa haikudhuru na huna kidonda cha tumbo kinachovuja. Vidonge vya 75 ni vinne. Ikiwa ni mdomo kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, usitoe aspirini. Huenda ni damu imevuja kichwani. Usijiendeshe. Kwenye pikipiki, mgonjwa akae katikati na mtu nyuma amshike. Nenda moja kwa moja hospitali kubwa yenye mashine ya ECG (ya kupima umeme wa moyo), hata kama zahanati iko karibu, na ukifika sema tangu mlangoni saa kamili maumivu yalipoanza.